Mtoto Akitoka Arobaini: Mwongozo wa Chanjo ya Rota na Kumuuguza Mtoto Anayeharisha

Huku kwetu, Unguja na Pemba, mtoto mchanga akianza kuharisha kila mtu mzima wa nyumba ana lake la kusema. Bibi atasema anaota meno. Shangazi atasema chango. Jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi atauliza kama hakuna mtu aliyemtia mtoto jicho. Wote wanamtakia heri, lakini wakati wanajadiliana mtoto anazidi kukauka. Kuharisha maji matupu kunakoanza ghafla, pamoja na kutapika na homa, kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, sababu yake kubwa mojawapo ni virusi vya rota. Kinachomuua mtoto ni kupotea kwa maji na chumvi za mwili, na kwa mtoto mdogo hilo linaweza kutokea ndani ya siku moja.

Mwongozo huu ni wa mama, baba, bibi na kila anayelea. Unaanza na chanjo, kisha unaingia nyumbani siku ambayo mtoto ameanza kuharisha, hadi pale inapobidi kuacha kila kitu na kwenda kituoni. Sehemu ya ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji, nimeiandika kwa urefu makusudi, kwa sababu karibu kila nyumba imeisikia ORS, lakini namna ya kuichanganya na kuinywesha ndipo mambo yanapoharibika.

Kwanza, ujue unapambana na nini

Virusi vya rota viligunduliwa mwaka 1973 nchini Australia na Ruth Bishop na wenzake, walipochunguza kwa darubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto wanaoharisha. Hutoka na kinyesi cha mgonjwa na kumwingia mwengine kwa mdomo, kupitia mikono, vijiko, vitu vya kuchezea, winda, hata sakafu ambayo mtoto anatambaa. Kiasi kidogo mno kinatosha kuambukiza. Vinaweza kukaa saa kadhaa mikononi na siku kadhaa juu ya vitu vikavu. Siku moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, mtoto huanza kutapika na homa kupanda, kisha kuharisha maji kunafuata. Ugonjwa wenyewe huchukua siku tatu hadi nane.

Karibu kila mtoto duniani, awe amezaliwa London au Micheweni, hukutana na virusi hivi kabla hajatimiza miaka mitano. Nchi zenye maji safi ya bomba na vyoo vizuri nazo zilikuwa zikilaza watoto wengi kwa rota kabla chanjo haijaja. Kwa hiyo mama ambaye mwanawe amepata rota asionekane mchafu, na yeye mwenyewe asijione hivyo. Nalikazania hili kwa sababu aibu inawachelewesha kinamama kutoka nyumbani: wanaogopa kuulizwa "umemlisha nini?" mbele ya foleni, wanangoja kuche, na usiku huo mmoja ndio ulikuwa wa kuokoa.

Usafi unasaidia, na tutaufikia. Lakini usafi peke yake hauwezi kuvizuia virusi hivi, na hakuna dawa inayoviua mtoto akishaugua. Ndiyo maana chanjo inakuja mbele ya yote.

Hatua ya 1: Hesabu siku, usikisie

Chanjo ya rota imo katika ratiba ya watoto Tanzania, Zanzibar ikiwemo, tangu 2013, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Dozi ya kwanza ni mtoto akitimiza wiki 6, ya pili wiki 10. Siku hizo hizo hupata pia sindano ya chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na kichomi. Sindano ya nimonia. Na matone ya polio. Zipo nchi zinazotumia aina ya chanjo ya rota yenye dozi tatu. Kwa hiyo ukikuta kadi ya mwanao imeandikwa tarehe ya tatu ya rota, ifuate kadi.

Kwetu kuna njia nyepesi ya kukumbuka, maana arobaini hakuna anayeisahau. Wiki 6 ni siku 42. Mama akitimiza arobaini Jumatatu, wiki ya 6 ya mtoto inatimia Jumatano. Au uhesabu hivi: mtoto aliyezaliwa Ijumaa, chanjo yake inafika Ijumaa ya sita baada ya kuzaliwa, na dozi ya pili ni Ijumaa nne mbele. Kituo cha shehia yako huenda kina siku zake maalumu za chanjo, basi waulize mapema, na kama siku yako haimo uende siku ya karibu inayofuata. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia naye huhesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa kweli, si siku aliyotarajiwa.

Arobaini hiyo hiyo ndiyo inayopoteza chanjo. Mama wa uzazi wa kwanza hujifungulia kwao, akalelewa na mama yake, halafu arobaini ikiisha anarudi kwa mume, pengine shehia nyengine, pengine anavuka kutoka Pemba kwenda Unguja. Kadi inabaki kabatini kwa bibi. Huku ugenini mama hajui kituo, hajui siku, na wiki zinapita. Msimu wa karafuu unafanya vivyo hivyo: familia inahamia shambani, na tarehe ya kliniki inapita watu wakiwa wanachuma. Dawa yake ni kadi kusafiri na mtoto, iwe kwenye mkoba ule ule wa nguo zake. Kituo chochote cha serikali kinachochanja kitampokea mtoto mwenye kadi. Hulazimiki kurudi ulikoanzia.

Na ukichelewa? Nenda hivyo hivyo. Usijihukumu mwenyewe kwamba wakati umepita. Shirika la Afya Duniani linaruhusu chanjo hii itolewe kwa aliyechelewa hadi miezi 24, ingawa faida kubwa ni mapema, kwa kuwa rota kali humpata mtoto katika mwaka wake wa kwanza na wa pili. Muuguzi ataangalia umri na kukwambia. Kukemewa kidogo kwa kuchelewa ni jambo la kupita.

Hatua ya 2: Siku ya chanjo

Mnyonyeshe kama kawaida, kabla na baada. Maziwa ya mama hayaizuii chanjo. Mafua, kikohozi kidogo au choo kilicholegea kidogo haviahirishi kitu. Anayeharisha sana, anayetapika au mwenye homa kali ndiye muuguzi anayeweza kumwambia mama asubiri apoe kwanza, kisha arudi bila kukawia.

Ukifika, kabla mtoto hajapewa chochote, mwambie muuguzi ikiwa mwanao aliwahi kujikunja au kuingiliana utumbo, ikiwa alipata mzio mkali baada ya dozi iliyopita, au ikiwa daktari amewahi kusema kinga yake ya mwili ina hitilafu ya kuzaliwa nayo. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi anapewa chanjo hii. Asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo.

Chanjo ya rota haina sindano. Ni majimaji kidogo matamu, hayafiki kijiko cha chai, yanayomiminwa polepole upande wa ndani wa shavu. Angalia hapa kwa makini, maana siku hiyo mtoto anapata vitu viwili kwa mdomo: matone ya polio na majimaji ya rota. Mama wengi wakiona mdomo umefunguliwa mara moja wanadhani yamekwisha, na wengine wakiona mara mbili wanadhani amezidishiwa. Vyote viwili ni haki yake. Akitema kidogo, usihangaike. Akitapika yote papo hapo, mwambie muuguzi aamue. Kabla hujaondoka, fungua kadi, utafute mstari wa rota, uone tarehe ya leo imeandikwa na tarehe ya kurudi imeandikwa. Kama haijaandikwa, omba iandikwe: "Dada, naomba unijazie na hii ya rota." Kazi ya nusu dakika, lakini bila ya hiyo tarehe kituo cha pili hakitajua mtoto amepata nini.

Hatua ya 3: Siku zinazofuata

Watoto wengi hawapati lolote. Wachache hulialia, hupata joto kidogo au choo kulegea kwa siku moja mbili. Kwa wiki moja mbili osha mikono vizuri zaidi baada ya kubadilisha winda au pampasi, kwani virusi vya chanjo vilivyodhoofishwa hutoka na choo. Hili ni muhimu zaidi kama nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu.

Lipo jambo moja nadra ambalo lazima kila mzazi alijue. Utumbo wa mtoto unaweza kujiingiza ndani ya wenyewe ukaziba. Huwatokea baadhi ya watoto wachanga hata wasiochanjwa. Chanjo ya kwanza kabisa ya rota iliyotumika Marekani iliondolewa mwaka 1999 kwa sababu iliongeza tatizo hili, na chanjo zilizofuata zimechunguzwa kwa makini sana kwa ajili hiyo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2018, haukuona hatari hiyo kuongezeka kwa chanjo inayotolewa wiki ya 6 na ya 10. Hata hivyo dalili zake uzijue: mtoto analia kwa vipindi, analia kwa uchungu huku akikunja miguu tumboni, ananyamaza, kisha anaanza tena, anatapika, tumbo linavimba, au choo kinatoka na damu na kamasi nyekundu. Ukiyaona, wakati wowote, nenda hospitali moja kwa moja. Hilo si la kungoja asubuhi, wala si la kukandwa tumbo.

Nalo lile swali la bibi: "Keshachanjwa huyu, mbona anaharisha?" Chanjo ya rota inakinga rota tu. Kipindupindu, kuhara damu na vijidudu vyengine vya maji na chakula haivigusi. Na hata kwa rota yenyewe, katika nchi zetu kinga yake si kamili kama ilivyo Ulaya. Mtoto aliyechanjwa anaweza kuipata, ila aghlabu huipata nyepesi. Utafiti uliofanywa hapa Zanzibar katika miaka mitatu ya mwanzo ya chanjo ulionyesha kwamba inapunguza watoto wanaolazwa kwa rota. Mtoto akiharisha siku mbili badala ya kulazwa na dripu, hiyo ndiyo kazi ya chanjo ingawa hakuna anayeiona. Na aliyekwisha kuugua rota bado anachanjwa, kwa kuwa aina zake ni nyingi na mtu huweza kuipata zaidi ya mara moja.

Hatua ya 4: Mikono na maji

Kwa ufupi. Sabuni na maji yanayotiririka baada ya chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Kata na ndoo yenye kifuniko vinatosha, mradi mtu asichovye mkono ndani. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni kama cha mtu mzima, maana nacho kina vijidudu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Mtoto alishwe kwa kikombe na kijiko, kwani chuchu ya chupa ya kunyonyea ni ngumu kusafishika. Na chini ya miezi sita asipewe chakula wala kinywaji chochote ila maziwa ya mama; ORS na dawa anapougua ni jambo jengine.

Hatua ya 5: Choo cha kwanza cha maji, anza ORS

Usisubiri choo cha tatu. Weka paketi mbili tatu za ORS nyumbani muda wote, hasa kama unakaa mbali na duka la dawa. Changanya hivi.

Osha mikono. Soma paketi uone inataka maji kiasi gani. Inayotumika sana ni ya lita moja. Sasa tafuta kipimo cha kweli. Chupa mbili za maji za nusu lita zikijazwa hadi shingoni ni lita moja. Chupa ile kubwa ya dukani mara nyingi ni ya lita moja na nusu, na ukichanganya paketi ya lita moja humo dawa inakuwa nyepesi haimfai mtoto. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: paketi nzima ndani ya chupa moja ya nusu lita, au nusu paketi kwa kukisia ndani ya gilasi. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Paketi ifunguliwe yote, imiminwe yote, ndani ya maji kamili.

Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa. Kama hayapo na mtoto anaharisha sasa, tumia yaliyo safi kuliko yote uliyonayo na uanze, huku mengine yakichemka. Usitie sukari, soda wala juisi. Usiichemshe ikishachanganywa. Funika, na baada ya saa 24 kilichobaki kimwage, uchanganye nyengine.

Kiasi: mtoto chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Wa miaka miwili hadi mitano, mililita 100 hadi 200. Akitaka zaidi, mpe.

Hapa sasa ndipo penye kazi. Mama atasema, "Kila nikimpa anatapika, basi nimeacha." Ukimwangalia alivyompa, utaona mtoto mwenye kiu amewekewa kikombe mdomoni, akakigida chote, na tumbo lililochafuka likakirudisha chote. Kwa hiyo usimpe kikombe. Chukua kijiko cha chai. Kijiko kimoja, subiri dakika moja au mbili, kijiko kimoja tena. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kila dakika mbili, kwa saa moja, ni mililita 150, na kila dakika ni mililita 300. Ni maji mengi, na tumbo halikushtuka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uanze upya taratibu zaidi. Kutapika kwa rota mara nyingi hupungua baada ya siku moja au mbili, na hata anayetapika huwa amebakisha kiasi tumboni.

Kazi hii inachosha mikono na macho, na mama aliyekesha hawezi kuimaliza peke yake. Gawaneni. Baba ashike kijiko kuanzia saa nne hadi saa saba za usiku, bibi apokee, mama alale akiamka anyonyeshe. Nyumba zetu zina watu. Huu ndio wakati wao. Dada wa skuli anaweza kushika saa na kuhesabu vijiko.

ORS ikikosekana kabisa, ya kuanzia ni hii: maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi iliyosawazishwa. Onja kwanza mwenyewe; chumvi isizidi ile ya machozi, ikizidi mwaga uanze upya. Itumike wakati mtu amekwenda kuitafuta paketi. Maji ya dafu na maji ya wali yanafaa kama kinywaji cha ziada kwa mtoto aliyepita miezi sita, lakini dafu lina chumvi kidogo mno kuchukua nafasi ya ORS. Soda na juisi za pakti ziacheni kabisa, sukari yake nyingi huvuta maji utumboni na kuharisha kunazidi.

Hatua ya 6: Zinki, chakula, na vya kuepuka

Pamoja na ORS mtoto anatakiwa apate zinki. Hufupisha kuharisha, na hupunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata. Kipimo atakupa mhudumu wa afya. Kilichozoeleka kwa miaka mingi ni kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, na nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kiyeyushe ndani ya kijiko chenye maziwa ya mama au maji safi. Choo kikishafunga siku ya tatu watu huvitupa vilivyobaki; vimalizeni.

Kunyonya kusisimame hata mara moja, zidisha. Aliyeanza kula aendelee kula, kidogo kidogo mara nyingi: uji, wali laini, ndizi, viazi, samaki aliyechambuliwa miba. Ile kauli ya "mpumzishe tumbo" inamnyima mtoto nguvu anapozihitaji.

Antibayotiki haziui virusi. Metronidazole iliyobaki ya kaka yake isiguswe. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima ni hatari kwa mtoto, zinaweza kulisimamisha tumbo na kumlevya. Dawa za mitishamba za kunywa nazo zisitumike, hasa kwa mchanga. Kukata kimeo hakutibu kuharisha. Anayetaka kumsomea mtoto dua amsomee, na kijiko kiendelee huku dua inasomwa.

Na utosi. Wakubwa wetu wameona siku nyingi kwamba mtoto anayeharisha utosi unadidimia, na wameona sawasawa. Ila utosi umedidimia kwa sababu maji mwilini yamepungua. Kuupaka dawa au kumsukuma mtoto kaakaa hakurudishi maji hayo. Ukiuona umezama, ichukue kuwa ni dalili ya kumtoa mtoto nyumbani.

Hatua ya 7: Mkague, na ujue wakati wa kuondoka

Kila saa chache mtazame hivi. Macho yamezama? Analia bila machozi? Mdomo umekauka? Pampasi au winda limekaa saa sita bila mkojo? Halafu mfinye ngozi ya tumbo taratibu, kati ya kitovu na ubavu, ukifuata urefu wa mwili, uiachie. Ngozi ya mtoto mzima hurudi mara moja. Ikikaa mkunjo, hata kwa muda mfupi, maji yamepungua. Ikipita sekunde mbili haijarudi, yamepungua vibaya.

Nenda kituoni siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya dalili hizo, au mtoto ana kiu isiyokwisha, au homa haishuki, au anaharisha mfululizo kuliko unavyoweza kumnywesha. Aliye chini ya miezi miwili apelekwe tangu mwanzo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Nenda hospitali sasa hivi, usiku au mchana, ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, amepata degedege, au choo kina damu. Degedege hupelekwa hospitali kwanza. Njiani, kama yu macho na anameza, kijiko kiendelee ndani ya gari.

Walio visiwani wana hesabu nyengine ya kufanya. Ukikaa Kojani, Fundo, Makoongwe au Kisiwa Panza, safari ina chombo. Uzi nako, kwa miaka mingi njia ilikuwa ikifunikwa maji yakijaa. Kwa hiyo uamuzi wenu uwe wa jioni, kabla dalili mbaya hazijaja. Mtoto aliyetapika mchana kutwa na anaharisha bado, msingoje mfike saa nane za usiku maji yakiwa yamejaa na hakuna nahodha. Aliye jirani na Mkoani ana Hospitali ya Abdalla Mzee, wa mjini Unguja ana Mnazi Mmoja, na wengi zaidi wana kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Anza na iliyo karibu, wao ndio watakaopiga simu mbele.

Hospitali huenda wakamwekea dripu, au mpira mwembamba wa puani wa kupitishia ORS. Mpira huo unawatisha wazazi, na wapo wanaoukataa. Ukubalini. Kwa mtoto asiyeweza kunywa na ambaye mshipa haupatikani, unafanya kazi ile ile ya kijiko.

Tahadhari moja ya shehia: wakubwa nao wakianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, ambacho Zanzibar tumeshakiona mara kadhaa, ukiwemo mlipuko mkubwa wa 2015 na 2016. Sheha na kituo cha afya waarifiwe saa hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Akishapoa

Mtoto aliyetoka kuharisha amepungua uzito. Kwa wiki mbili muongezee mlo mmoja kwa siku juu ya ile ya kawaida. Anayenyonya tu anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mrudishe kliniki apimwe uzito, na muuguzi autie kwenye kadi aone kama unapanda. Winda, shuka na nguo alizochafua zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Sakafu na beseni zipitishwe maji ya klorini.

Kisha fungua kadi. Kama ugonjwa ulimkuta kati ya dozi ya kwanza na ya pili ya rota, dozi ya pili bado inamngoja, basi aipate safari hiyo hiyo ya kupimwa uzito kama ametimiza wiki 10. Wiki ya 14 ana chanjo nyengine, miezi 9 na miezi 18 ana ya surua na rubela. Nunua na paketi za ORS kujazia ulizotumia, uziweke juu, pakavu, mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua.